Mnyanya Umejaa Maua, Matunda Hakuna

Mnyanya wako umefika kifuani. Majani ni ya kijani, shina limenenepa, vichala vya maua ya manjano vinaning'inia kila upande. Lakini kila asubuhi unapofagia uani unakuta maua yaleyale yamelala chini, na juu ya mti hakuna hata kitunda cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kama uko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, na hali hii imekukuta kati ya Desemba na Machi, usikimbilie duka la pembejeo. Huenda mti wako hauna njaa wala ugonjwa. Unateswa na usiku.

Wengi hushangaa wakiambiwa hivyo, kwa maana tumezoea kulilaumu jua la mchana. Jua lina lawama yake, lakini mnyanya huvumilia mchana wa nyuzi 30 bila shida kubwa, mradi usiku upoe. Asili yake ni magharibi mwa Amerika Kusini, kwenye miteremko ya milima ya Andes huko Peru na Ekuado, ambako jua likizama ubaridi hushuka. Mwaka 1944 Frits Went, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifanya kazi California, alichapisha matokeo ya kukuza minyanya mahali ambapo aliweza kuongoza joto la mchana na la usiku kila moja peke yake. Aliona kwamba kushika kwa matunda kulitegemea sana joto la usiku, na kwamba usiku uliofaa ulikuwa wa nyuzi 15 hadi 20 hivi.

Linganisha na usiku wa kwenu. Dar es Salaam ya Januari hadi Machi, usiku mwingi haushuki chini ya nyuzi 24. Usiku ukikaa juu ya nyuzi 21 hadi 24 siku nyingi mfululizo, au mchana ukipanda kupita nyuzi 32 hadi 35, chavua inayotengenezwa ndani ya ua huwa kidogo, na sehemu kubwa yake huwa haina uwezo wa kurutubisha. Ua lisiporutubishwa, mti huacha kulilisha. Tazama kikonyo cha ua: katikati yake kuna kifundo kidogo kilichovimba. Hapo ndipo kikonyo hugeuka njano, hulegea, na ua hukatika.

Lipo jambo jingine ambalo ukilielewa utaokoa fedha nyingi. Chavua haiharibiki siku ua linapofunguka. Inaharibika mapema zaidi, siku 7 hadi 15 kabla, wakati ua bado ni tumba dogo la kijani ambalo hulitazami. Kwa hiyo ua unaloliokota leo liliharibiwa na joto la wiki iliyopita au ya kabla yake. Na ndiyo maana busta za majani zimejipatia sifa zisizo zao: mtu ananyunyizia chupa nzima, hali ya hewa inabadilika kwa bahati wiki hiyohiyo, matunda yanashika, na chupa inapewa shukrani. Mwaka unaofuata anainunua tena.

Kabla ya kununua chochote, soma ua.

Ua lenyewe linasema

Okota maua matano au sita yaliyoanguka na ulinganishe na yale yaliyobaki mtini. Likianguka zima, halina tundu wala doa, na limekatikia kwenye kile kifundo cha njano, basi halikurutubishwa. Sasa chukua ua lililofunguka, bado liko mtini. Katikati yake utaona koni ya njano: hiyo ndiyo mifuko ya chavua, imeshikana ikaizunguka shingo ya ua. Kwa kawaida ncha ya shingo hiyo, yaani stigma, hujificha ndani ya koni au hulingana na mdomo wake. Ukiona stigma imechomoza nje, imeipita koni kwa milimita moja au mbili, hiyo ni dalili ya joto. Chavua inayodondoka ndani ya koni inashindwa kuifikia.

Kipimo kingine kinahitaji simu yako tu. Zima skrini, futa kioo, kiweke chini ya ua lililofunguka vizuri saa tatu au saa nne asubuhi, kisha ligonge ua kwa kucha mara kadhaa. Unga mwembamba wa rangi ya maziwa ukianguka kwenye kioo cheusi, chavua ipo na inatoka. Shida basi ni kwamba hakuna kinachoitikisa, na hilo lina dawa rahisi, nitalieleza hapa chini. Usipoona kitu katika maua matano, joto limeshafanya kazi yake, au hewa ina unyevu mwingi mno na chavua imegandamana.

Unapogonga, angalia pia kama vimeanguka vidudu vyembamba, virefu kidogo, vinavyokimbia kwenye kioo. Hao ni thiripi. Hujificha ndani ya maua na kuyakwaruza, na wakizidi maua hukauka. Ua lenye tundu au uchafu mweusi ndani limeingiliwa na kiwavi. Pengine ni kantangaze, yule nondo aliyeingia Tanzania na Kenya mwaka 2014, ambaye kiwavi wake huchimba jani, shina, ua na tunda bila kubagua. Vunja vichala vilivyoshambuliwa uvichome au uvifungie kwenye mfuko wa plastiki juani. Ukivitupa pembeni ya bustani, nondo watatokea humo humo.

Na kama majani ya juu yamekuwa madogo, yamejikunja kwenda juu kama vikombe, kingo zake zina umanjano, na mti mzima umedumaa ukajaa vijitawi, hiyo ni rasta, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe. Mti wenye rasta hutoa maua na kuyadondosha. Hakuna dawa ya kuuponya. Ung'oe leo, kabla inzi hawajaubeba ugonjwa kwenda kwenye miti mingine. Najua inauma kung'oa mti uliouhudumia miezi miwili, lakini ukiuacha utapoteza yote.

Mti mnene usiozaa

Kisa kingine cha kawaida katika bustani za nyumbani hakihusu joto, na hiki sisi wenyewe ndio tunaoukosea mti kwa kuupenda mno. Majani ni ya kijani iliyoiva, mapana, mazito, yamejikunja kwenda chini. Shina ni nene kuliko kidole gumba. Maua ni machache, au yapo lakini mti unaonekana una shughuli nyingine. Huo umelishwa naitrojeni kupita kiasi.

Urea ina naitrojeni asilimia 46, na CAN ina takriban asilimia 26. Kijiko kikubwa cha urea kwenye ndoo moja ya lita 20 ni kingi mno. Mbolea ya kuku ambayo haijaoza nayo ni kali, na mijini ndiyo inayopatikana kirahisi kwa sababu kila mtaa una banda la kuku. Mnyanya ukishiba naitrojeni huendelea kujenga majani na kuchelewesha kuzaa.

Cha kufanya ni kuacha kabisa mbolea ya kukuzia kwa wiki tatu hivi. Kama mti uko kwenye ndoo, mwagilia maji mengi siku moja mpaka yatoke vya kutosha kwenye matundu ya chini. Yataondoka na sehemu ya naitrojeni. Kama uko ardhini, tandaza mabua makavu au pumba za mbao juu ya udongo, uzichanganye kidogo tu na tabaka la juu, kwa kuwa zinapooza huitumia naitrojeni iliyopo. Wengine huongeza majivu kwa ajili ya potasiamu. Konzi moja kwa mti inatosha, tena isirudiwe mara kwa mara, maana majivu hupandisha uchungu wa magadi kwenye udongo na virutubisho vingine hukwama.

Kivuli nacho hutoa mti unaofanana na huo, isipokuwa shina huwa jembamba, refu, linalotafuta mwanga. Mnyanya unahitaji jua la moja kwa moja saa sita hadi nane kwa siku. Nyumba nyingi za mjini zina mwembe, mkungu au ukuta mrefu wa jirani, na mtu hupanda pale penye nafasi bila kuhesabu saa za jua. Zihesabu siku moja tu ya Jumamosi. Kama ni chini ya tano, hakuna mbolea itakayofidia. Hamisha ndoo, au panda mchicha na matembele mahali hapo.

Maji nayo hupukutisha maua, zaidi yanapokuja kwa vipindi: siku mbili kavu, siku ya tatu mafuriko. Mti mkubwa kwenye ndoo ya lita 20, katika jua la pwani, unaweza kunywa lita 2 hadi 4 kwa siku. Upe asubuhi, na kama umelegea jioni ongeza kidogo. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili. Udongo wa kina hicho usikauke. Kwa wale wanaotumia maji ya kisima karibu na bahari, yaonje. Yakiwa na chumvi, na kingo za majani zimeungua huku udongo ukiwa na ukoko mweupe, basi chumvi ndiyo inayoubana mti. Vuna maji ya mvua kwenye mapipa uyatumie kwa minyanya, na maji ya kisima yaende kwenye minazi.

Tikisa, tena kwa saa yake

Ua la mnyanya lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, halihitaji ua la mti mwingine. Linachohitaji ni kutikiswa. Chavua imefungiwa ndani ya ile mifuko, na hutoka kwa tundu jembamba kwenye ncha. Nyuki wa asali hana ujuzi wa kuitoa. Hulitembelea ua la mnyanya kwa nadra na akitua hulisugua tu juu. Wanaoliweza ni nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao za paa na nguzo za banda. Mmoja wao huliuma ua, hukunja mbawa, kisha hutetemesha misuli ya kifua mpaka unasikia mlio mwembamba tofauti na ule wa kuruka kwake. Chavua humwagika juu ya tumbo lake na juu ya stigma. Ukimwona bustanini, mshukuru na umwache. Watu huwaua wakidhani wanabomoa nyumba, kumbe tundu moja kwenye boriti nene haliiangushi. Ukiwa na gogo kavu au kipande cha mbao laini, kitundike karibu na bustani wapate pa kukaa.

Huko Ulaya wakulima wa minyanya ya ndani ya nyumba za vioo waliwahi kulipa vibarua kupita mstari kwa mstari wakitetemesha vichala kwa vijimashine vya mkononi. Katikati ya miaka ya 1980 daktari wa mifugo wa Ubelgiji, Roland de Jonghe, alitambua kwamba nyuki wanene wenye manyoya wa huko wanaifanya kazi hiyo vizuri zaidi, na tangu hapo masanduku ya nyuki hao huuzwa kwa wenye mashamba ya vioo. Afrika kusini mwa Sahara nyuki hao hawapo kwa asili, na hatuwahitaji. Kwa miti sita ya nyumbani mkono wako unatosha.

Wakati ndio unaokosewa. Alfajiri ua bado lina umande na chavua imeshikana. Saa nane mchana joto limeikausha. Pwani, kipindi kizuri ni saa tatu hadi saa tano asubuhi. Shika kamba au kijiti kinachoegemeza mti, ukigonge kwa kidole mara kadhaa upande wa kila kichala. Kama unao mswaki wa umeme uliochakaa, uwashe, uguse kikonyo nyuma ya ua kwa mgongo wa mswaki, sekunde mbili au tatu, usiliguse ua lenyewe. Utaona kimoshi cha unga kikitoka. Rudia kila siku au kila baada ya siku moja, kwa sababu maua ya kichala kimoja hayafunguki pamoja, na kila ua hukaa wazi siku chache tu.

Kazi hii ni ya lazima kama minyanya yako imezungushiwa neti au iko kwenye kitalu nyumba, mahali ambapo upepo haupiti na nyuki haingii. Wengi waliojenga kitalu nyumba cha nailoni uani walipata miti mirefu mizuri na mavuno haba kwa sababu hii, na juu yake joto la ndani likizidi la nje. Inua nailoni pembeni, tengeneza mlango mpana kila upande.

Na kama unapulizia dawa ya wadudu, iwe jioni jua linapozama, nyuki wakiwa wamelala. Dawa ya asubuhi hukuulia wasaidizi uliokuwa ukiwasubiri.

Kuupoza usiku

Hutaweza kuibadilisha hewa ya Dar es Salaam, lakini unaweza kupunguza joto linalouzunguka mti mmoja, na nyuzi mbili tu zaweza kuleta tofauti kati ya kichala kitupu na kichala chenye matunda matatu. Anza na ukuta. Ukuta wa tofali za saruji unaopigwa na jua la mchana huhifadhi joto na kulitoa polepole usiku kucha, na ndoo nyingi zimeegemezwa hapohapo. Zisogeze mita mbili mbele, pawe na upepo. Ziondoe juu ya sakafu ya saruji. Ziweke juu ya ardhi, au juu ya matofali yenye nafasi katikati. Ndoo nyeusi zifunike kwa gunia au uzipake chokaa. Tandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne juu ya udongo. Neti ya kivuli inayozuia thuluthi moja ya mwanga, ikifungwa upande wa magharibi, hupunguza makali ya jua la kuanzia saa saba. Usiifunge juu ya mti siku nzima.

Tena, katika miezi ya joto, usipogolee sana. Vitabu vingi vya minyanya vimeandikwa kwa nchi za baridi, vinaagiza kila chipukizi likatwe. Aina ndefu kama Moneymaker zinapogolewa kweli, ila acha majani ya kutosha kuvifunika vichala. Aina fupi kama Cal J na Rio Grande zisiguswe, kwani chipukizi unalolikata ndilo ambalo lingebeba maua.

Aina ina uzito wake. Nyanya ndogondogo za vichala, zile za ukubwa wa zabibu kubwa, hushika matunda kwenye joto ambalo nyanya kubwa za kukata vipande hushindwa kabisa. Kama unasisitiza kula nyanya ya bustani yako mwezi Februari, panda hizo. Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 1997, ni mbegu nzuri na zinastahili heshima waliyozipa wakulima, lakini zimetokana na kazi ya Tengeru, kando ya Arusha, kwenye usiku wa ubaridi. Jina kubwa la mbegu lisikufanye uipande mwezi wowote.

Kalenda

Sokoni Kariakoo nyanya nyingi hutoka juu: Ilula mkoani Iringa, Lushoto, na mashamba mengine ya nyanda za juu. Wakulima wa huko wana usiku unaofaa kwa miezi mingi. Pwani tuna dirisha moja pana, Juni hadi Septemba mwanzoni, ambapo usiku wa Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Mombasa ni moto kidogo zaidi, lakini Julai na Agosti inakaribia 20. Lengo ni maua yafunguke humo.

Hesabu kurudi nyuma. Miche hukaa kitaluni wiki nne hivi, na huchukua wiki nyingine nne hadi sita baada ya kuhamishwa mpaka ianze kuchanua. Kwa hiyo sia mbegu katikati ya Aprili, kitalu kikiwa chini ya paa la nailoni ili mvua za masika zisikioze. Hamisha miche katikati ya Mei mvua zikipungua. Maua yatakuja Juni, nawe utakula nyanya Agosti na Septemba.

Walio Njombe au Makete wana tatizo lililogeuzwa. Usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10, na chini ya 13 chavua pia hushindwa. Wao wasogeze maua hadi Septemba na kuendelea, au wafunike miti usiku.

Je, mti ulionao leo, Februari, unaopukutisha maua? Kama ni mzima, hauna rasta wala mnyauko, usiung'oe. Acha kuulisha naitrojeni, uendelee kuumwagilia. Mwishoni mwa Aprili kata machipukizi ya urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini na matumba yote, uyachomeke kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji mahali penye kivuli. Ndani ya wiki moja au mbili yatatoa mizizi, na yatachanua mapema kuliko mche wa mbegu. Panda upya kwenye udongo mwingine, si ule wa ndoo ya zamani. Vichala viwili vya kwanza vikishika matunda ya ukubwa wa gololi, hapo ndipo urudishe mbolea, kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, ukichagua yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni.